Brock Bowers, mshika mbili asiyeponyokwa na hata moja

Tarehe 29 Oktoba 2022, mjini Jacksonville, Stetson Bennett, kwotabeki (mrusha pasi) wa Chuo Kikuu cha Georgia, alirusha pasi katikati ya uwanja, na mlinzi wa Florida akafanikiwa kuugusa mpira ukiwa hewani. Pasi ya namna hiyo kwa kawaida imeshakufa: ama inaanguka chini, ama inaishia mikononi mwa adui. Mpira ukapotea njia, ukamgonga mkononi Brock Bowers, ukaruka juu tena. Kijana akageuka nao, akaudaka, akatimua mbio mpaka mwisho wa uwanja. Yadi 73. Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa sita usiku, na nyumba nzima imelala. Nikairudisha picha nyuma mara tatu, ya nne nikaisimamisha pale mpira ulipokuwa hewani hauna mwenyewe.

Tangu usiku ule nimekuwa na neno moja la kusema kuhusu mchezaji huyu. Bowers ndiye taiti endi bora kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani ngazi ya chuo. Sababu yake haimo kwenye idadi ya mipira aliyodaka, ingawa idadi hiyo ni kubwa. Sababu ni kwamba aliwalazimisha wapinzani wakosee kabla mpira haujaanza kuchezwa, na kosa la namna hiyo halina safu yake kwenye jedwali lolote la takwimu. Kwa sababu halihesabiwi, tuzo kubwa zikampita, na fedha zinazolipwa kwa nafasi yake zimebaki nyuma mpaka leo.

Kwa msomaji asiyeufuata sana mchezo huu, naomba nieleze kidogo. Timu inayoshambulia hupanga watu saba kwenye mstari wa mbele. Watano wa katikati ni majabali. Kazi yao ni kusukumana na kufungua njia, na kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi. Anayesimama mwishoni mwa mstari anaruhusiwa. Akisimama mbali, karibu na chaki ya pembeni, huyo ni mpokeaji tu, mwepesi, wa mbio. Akisimama ameshikana bega na majabali, huyo ndiye taiti endi. Dakika hii anamkaba mtu wa kilo 120 ili mwenzake apite na mpira, dakika inayofuata anachomoka mwenyewe kwenda kupokea pasi. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Nafasi hii yote imejengwa kubishana na methali hiyo, na wengi wanaoicheza huishia kuithibitisha. Utakuta mmoja ni ukuta lakini mikono yake ni ya mbao, na mwingine anadaka vizuri lakini akigongwa tu, njia imeziba.

Bowers alizaliwa Desemba 2002 na kukulia Napa, California, nchi ya mizabibu. Siyo mahali ambapo makocha wa kusini mwa Marekani hukimbilia kutafuta vijana. Nyumbani kwao michezo ilikuwa chakula cha kila siku: baba yake alicheza futiboli Chuo Kikuu cha Utah State, na mama yake alikuwa nyota wa softiboli chuoni hapohapo. Korona ilipofunga michezo ya shule California mwaka 2020, msimu wake wa mwisho wa sekondari ulipotea. Akafungasha virago, Januari 2021 akajiunga na Georgia, mjini Athens, bara zima kutoka kwao.

Wengi husahau kwamba hakukaribishwa kama mfalme. Georgia ilikuwa na taiti endi mwingine, Darnell Washington, jitu la futi 6 na inchi 7, na ilikuwa na George Pickens wa kupokea pasi za mbali. Pickens akaumia goti majira ya kuchipua, Washington akaumia mguu kabla ya ligi kuanza. Ghafla kijana wa miaka 18, ambaye hakuwa amecheza mechi ya ushindani kwa zaidi ya mwaka, akajikuta anaanza dhidi ya Clemson tarehe 4 Septemba 2021. Alipokea pasi sita kwa yadi 43 katika mechi iliyokwisha 10 kwa 3. Si takwimu za kutangaza. Wiki iliyofuata, dhidi ya UAB, alidaka mpira na kukimbia yadi 89 bila kukamatwa, mabeki waliomzidi wepesi kwa maumbile wakibaki kuhesabu visigino vyake. Hapo ndipo nchi nzima ilipogutuka. Mpaka msimu unakwisha alikuwa na pasi 56, yadi 882 na tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja) 13 za kupokea, ambazo ni rekodi ya Georgia kwa msimu mmoja kwa mchezaji wa nafasi yoyote.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu.

Msimu wa 2022 Washington alikuwa mzima, na mratibu wa mashambulizi Todd Monken akawa anawapanga taiti endi wawili kwa pamoja karibu muda wote. Jiweke kwenye viatu vya kocha wa ulinzi. Umeona wawili hao wanaingia, na una sekunde chache za kuamua upeleke watu gani uwanjani. Ukipeleka watu wazito kuzuia mbio, Bowers anasogea pembeni, na mmoja wa wazito wako analazimika kumfuata mtu anayekimbia kama mkimbiaji wa mita mia nne. Ukipeleka watu wepesi ili wamudu Bowers, Georgia haina haja ya kurusha pasi kabisa: Washington anamlalia mwepesi wako kama mlango ulioanguka, na wakimbiaji wanapita. Hakuna jibu sahihi, kuna kuchagua jeraha tu.

Nenda katazame mechi dhidi ya Kent State, Septemba 2022. Mchezo wa kwanza kabisa wa Georgia, hawakumrushia pasi. Walimpa mpira mkononi akipita nyuma ya mstari kutoka upande mmoja kwenda mwingine, akakunja kona, akaenda yadi 75. Taiti endi! Mtu wa zaidi ya kilo 100 anakabidhiwa mpira kama mkimbiaji, na mabeki wanaishia kumsindikiza. Katika miaka yake mitatu alikabidhiwa mpira hivyo mara 19 tu, akafunga tachidauni tano. Timu ya ulinzi ikishaona kitu hicho kwenye video ya maandalizi, haiwezi tena kutulia kila Bowers anapoanza kutembea kabla mpira haujatolewa. Lazima mtu amfuate kwa macho, na macho yakimfuata Bowers hayapo kwa mwingine. Mpokeaji Ladd McConkey alipokuwa anachomoka peke yake upande wa pili, kwa hesabu yangu nusu ya sifa ni ya mtu ambaye hakuugusa mpira.

Ukitaka namba, ninayo moja inayonikaa akilini kuliko zote. Jumla ya kupokea na kukabidhiwa, Bowers aliushika mpira mara 194 akiwa Georgia. Tachidauni zake ni 31. Maana yake kila aliposhika mpira mara sita hivi, mara moja ilizaa tachidauni. Huo ni uwiano ambao hata mkimbiaji wa kutegemewa angeuonea wivu.

Halafu kuna Indianapolis. Fainali ya taifa, Januari 2022, Georgia na Alabama. Ilianza saa kumi na robo alfajiri kwa saa zetu, na walioamka kuitazama wanakumbuka hofu ile. Georgia ilikuwa haijachukua ubingwa tangu msimu wa 1980, na mwezi mmoja tu uliopita Alabama hao hao walikuwa wameichapa 41 kwa 24. Katika kipigo kile Bowers alikuwa karibu ndiye pekee aliyesimama, pasi kumi kwa yadi 139. Robo ya mwisho, Georgia inaongoza kwa pointi moja, zimebaki kama dakika tatu na nusu. Kila mtu anatarajia wakimbie tu na kula muda. Bennett akatoa pasi fupi ya kando kwa Bowers, wenzake wakafungua njia, akaingia yadi 15. Ikawa 26 kwa 18. Baadaye Kelee Ringo, mlinzi wa Georgia, alinyakua pasi ya Alabama na kukimbia nayo yadi 79, na picha hiyo ndiyo iliyobaki kwenye kuta za watu. Siwalaumu, ni picha nzuri. Lakini Ringo aliudaka mpira wa timu iliyolazimika kurusha kwa kukata tamaa, na aliyewafikisha kwenye kukata tamaa ni kijana wa mwaka wa kwanza aliyecheza kana kwamba yuko mazoezini.

Mwaka uliofuata Georgia ilishinda mechi zote 15. Kwenye fainali iliifumua TCU 65 kwa 7, Bowers akiwa na yadi 152. Kabla ya hapo, Desemba, waalikwa wa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa chuo, walikwenda New York, na kutoka Georgia aliyekwenda ni Bennett. Simnyimi haki yake: alianza chuoni bila ufadhili na akatoka na vikombe viwili mfululizo, jambo ambalo hakuna timu nyingine iliyolifanya tangu mfumo wa mchujo uanze mwaka 2014. Ninachouliza ni hiki: ukimtoa nani kwenye timu ile, walinzi wa timu pinzani wanalala usingizi? Mimi jibu langu ni Bowers. Heisman haijaenda kwa mtu wa mwisho wa mstari anayekaba na kupokea tangu Leon Hart wa Notre Dame mwaka 1949, na wapiga kura hawakuona sababu ya kubadili mazoea. Imekuwa tuzo ya makwotabeki, na kila mwaka inajifanya ya wote.

Alichopewa ni tuzo ya John Mackey, ya taiti endi bora wa chuo. Aliichukua 2022, akaichukua tena 2023, na hakuna aliyewahi kuichukua mara mbili kabla yake. Jina la tuzo hiyo lina uzito kuliko watu wengi wanavyojua. Januari 1971, kwenye Super Bowl (fainali ya NFL, ligi ya kulipwa) ya tano, Johnny Unitas wa Baltimore alirusha pasi ikamgusa mwenzake, ikamgusa mlinzi wa Dallas, kisha ikatua kwa Mackey, naye akakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Yadi 75. Nilipolikumbuka hilo baada ya mpira wa Jacksonville, nilikaa kimya muda mrefu. Mackey huyo ndiye aliyeongoza chama cha wachezaji na kuipeleka NFL mahakamani. Mwaka 1976 wakashinda dhidi ya kanuni iliyomfunga mchezaji kwenye klabu yake hata mkataba ukiwa umekwisha. Baada ya kustaafu alisubiri miaka 20 kuingizwa kwenye jumba la magwiji, kisha akafa mwaka 2011 akiwa ameshapoteza kumbukumbu, ugonjwa uliowafika wengi wa kizazi chake. Bowers alianza kuichezea Georgia miezi miwili tu baada ya vyuo kuruhusu wachezaji kulipwa kwa matumizi ya majina yao, Julai 2021. Njia aliyopita ilichimbwa na watu wa nafasi yake.

Msimu wa 2023 ndio unaotumiwa na wanaombeza. Yadi 714, tachidauni sita za kupokea, wanasema alishuka. Hesabu haiko hivyo. Alicheza mechi kumi tu, kwa hiyo ni yadi 71 kwa mechi. Mwaka wa ubingwa wa pili zilikuwa takriban 63, na wa kwanza 59. Kwa mechi, huo ndio msimu wake bora kuliko yote, tena akiwa na kwotabeki mpya, Carson Beck, na bila Washington wa kuwachanganya walinzi.

Septemba 30, kule Auburn, matokeo yalikuwa 20 kwa 20 zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu. Uwanja mzima ulijua mpira unakwenda kwa nani. Auburn walijua, watu wa jukwaani walijua, na Beck hakuwa na sababu ya kuficha. Akampa katikati, Bowers akapita kati ya watu, yadi 40, Georgia ikaondoka na ushindi. Siku ile peke yake alikuwa na yadi 157. Nimesikia watu wakisema mchezaji mkubwa ni yule anayeshangaza. Kwa mechi ile niliona kinyume chake: kila kitu kilikuwa wazi, na bado hakikuzuilika.

Wiki mbili baadaye, dhidi ya Vanderbilt, kifundo cha mguu kikaumia. Upasuaji ukafanyika tarehe 16 Oktoba. Alikuwa na vikombe viwili kabatini na nafasi ya uhakika katika raundi ya kwanza ya drafti, pale timu za NFL zinapochagua vijana wa chuo kwa zamu, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angemlaumu kama angesema basi, naenda kujiandaa. Tarehe 11 Novemba alikuwa uwanjani dhidi ya Ole Miss. Siku 26. Na kwenye fainali ya SEC, ligi ya vyuo ambamo Georgia inacheza, mechi ambayo Alabama ilikatisha mfululizo wa ushindi 29 wa Georgia kwa 27 kwa 24, alionekana wazi hajakaa sawa, lakini alicheza. Mechi 44 katika misimu mitatu, Georgia ilipoteza mbili, zote kwa Alabama, na zote mbili alikuwapo.

Kuna hoja moja dhidi yake ninayoiheshimu. Inasema hakuwa mkabaji wa kutisha, kwamba kazi chafu ya mstarini aliifanya Washington, na yeye akala matunda. Kuna ukweli ndani yake. Ukimsimamisha Bowers ana kwa ana na mtu wa mstari wa ulinzi, hatamwangusha kama Washington alivyokuwa anaangusha. Lakini tazama anavyokaba akiwa kwenye mwendo, mbele ya mpira, uwanja ulio wazi: anamfikia mtu, anaweka mikono kifuani, miguu haisimami, mpaka filimbi. Haruki kipindi hata pale anapojua pasi si yake. Taiti endi asiyekaba kabisa anawapa walinzi ujumbe wa bure, maana akiingia wanajua ni pasi. Bowers hakuwapa ujumbe huo. Alikaba vya kutosha kuwaacha gizani, na hicho ndicho mfumo wa Monken ulichohitaji kwake.

Aprili 2024 ikafika drafti. Mara kumi na mbili timu zikampita. Makwotabeki sita walichaguliwa kabla yake, wapokeaji watatu, watu wa mstari watatu. Las Vegas Raiders wakamchukua wa 13. Miaka mitatu nyuma, Kyle Pitts wa Florida alichaguliwa wa nne kwa nguvu ya msimu mmoja mkubwa. Bowers alikuwa nayo mitatu. Nadhani kushuka kwa Pitts baada ya mwaka wake mzuri wa kwanza kuliwatia viongozi wa timu woga, lakini kuna jambo la zamani zaidi ya hapo, nalo ni fedha.

Mwaka 2014 Jimmy Graham wa New Orleans alibishana na ligi kama yeye ni taiti endi au mpokeaji, kwa sababu muda mwingi alikuwa amesimama mbali na mstari. Ukubwa wa ugomvi ulikuwa karibu dola milioni 5 kwa mwaka: milioni 7 akiitwa taiti endi, zaidi ya 12 akiitwa mpokeaji. Mwamuzi akasema wewe ni taiti endi. Kazi ileile, mikono ileile, jina likapunguza mshahara. Na usidhani yamepita. Mwaka 2025 George Kittle wa San Francisco alisaini miaka minne kwa dola milioni 76.4, mkataba mkubwa kwa nafasi yake wakati huo. Mwaka huohuo Ja'Marr Chase, mpokeaji wa Cincinnati, alisaini miaka minne kwa milioni 161. Timu zinapopanga nani achaguliwe mapema, zinatazama orodha hiyo ya bei, na mtu anayefanya kazi mbili anajikuta analipwa kwa ile yenye bei ndogo.

Raiders walikuwa tayari na taiti endi kijana, Michael Mayer, waliyemchukua mwaka mmoja kabla. Watu wakauliza wa pili wa nini. Msimu ulipoanza, makwotabeki watatu tofauti walipokezana kuanza mechi, na Davante Adams, mpokeaji wao mkubwa, akauzwa New York Oktoba. Akabaki Bowers na walinzi wote wakimtazama yeye. Alimaliza na pasi 112, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa mwaka wa kwanza katika historia ya ligi hiyo, na yadi 1,194. Rekodi ya yadi kwa taiti endi mgeni ilikuwa ya Mike Ditka, 1,076, tangu mwaka 1961. Ditka alizipata kwa mechi 14, na haki hiyo lazima tumpe. Lakini Ditka alichezea timu iliyoshinda mechi nane. Raiders walishinda nne, wakapoteza 13, na ilipotangazwa timu bora ya ligi, kwenye nafasi ya taiti endi lilisomwa jina la kijana wa Napa.